Baada ya Salama

Kabla ya mvua ile, Saado Diriye alikuwa na bosi mmoja, daftari moja na kikombe kimoja cha chai ya maziwa ya ngamia saa moja asubuhi. Baada ya mvua alikuwa na mabosi sita, madaftari sita na chai iliyopoa. Ukimwuliza hata leo ni ofisi gani iliyomwajiri mwishoni mwa mwaka ule wa tisini na saba, atakutazama kwanza, kisha atacheka, kisha atakuambia hajui. Na hajui kweli.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo ambayo, kwa bahati, ilipenya vizuri hewani. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa mbele ya redio ya upepo katika ofisi ya maji mjini Garissa. Aliingia pale kuwa tarishi, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wasichana wachache wa rika lake waliomaliza darasa la saba na kuweza kuandika Kiswahili kilichonyooka. Mzee Nunow, aliyeshika redio wakati huo, alimwona anavyosimama mlangoni akisikiliza, akamwambia, "Wewe una masikio. Midomo tunayo ya kutosha hapa." Akamvutia kiti, na tangu siku hiyo hakupeleka barua tena.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Kila kisima kirefu cha serikali kilikuwa na injini yake, mlinzi wake, redio moja, betri moja ya lori na waya uliotandazwa juu ya migunga. Kila asubuhi Saado aliviita visima kimoja kimoja, akauliza maji yanatoka vipi, dizeli imebaki kiasi gani, injini inakohoa au haikohoi. Hayo yalichukua dakika mbili. Dakika ishirini zilizobaki zilikuwa za salamu.

Watu wa huku hawakurupuki na habari. Mtu akikujia kutoka mbali atakuambia nabad, yaani amani, hata kama amemzika ndugu yake asubuhi hiyo. Kwanza amani. Kisha mvua, kisha majani, kisha ngamia, ng'ombe na mbuzi, kisha watu wa boma, na mwisho kabisa, chai ikiwa imefika nusu, ndipo lile lililomleta. Nawe unayesoma usicheke. Ukiwa umelazwa hospitalini na dripu mkononi, jirani akikuuliza habari, si utamjibu nzuri kwanza?

Mzee Nunow alilijua hilo, na ndilo somo la kwanza alilompa. "Habari ni mbuzi wanaorudi zizini jioni," alimwambia. "Wazima hutangulia, wakisukumana. Kilema huja mwisho, peke yake, polepole. Ukifunga lango mapema utasema mbuzi wote wazima." Saado alilishika somo hilo kwa miaka kumi na minne bila hata kujua kwamba amelishika.

Tena alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kupenda mkia wa habari. Mdogo wake, Awil, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima cha Sangailu, na mama yao, Qali, alikuwa huko kwa Awil. Mama huyo alikuwa ameletwa Garissa kutibiwa macho, akakaa kwa binti yake mtaani Galbet miezi mitatu, akachoka. Alisema nyumba za mabati zinapiga kelele, majirani wanapika mapema mno, na mbuzi wake watamsahau. Mwezi wa tisa akapanda lori la mifugo lililokuwa likirudi tupu, akaenda zake. Kuanzia hapo kila asubuhi, baada ya mvua na majani na dizeli, Awil alimalizia kwa kusema, "Hooyo anasema umekonda."

"Mama ameniona wapi?"

"Anasema sauti imekonda."

Saado angecheka, angekunywa chai yake, na siku ingeanza. Mtu hahitaji zaidi ya hapo.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha mpaka wazee wakaacha kushukuru. Mto Tana ukapanda ukaingia mashambani, barabara ya kusini ikawa bwawa, malori yakazama mpaka kwenye bodi, na Garissa ikawa na habari za kwake tu. Simu za mezani zikanyamaza. Kilichobaki ni redio za upepo, na hapo ndipo serikali iligundua jambo ambalo kila mlinzi wa kisima alilijua siku nyingi: kwamba ofisi ya maji ina redio zake, hospitali ina zake, ya mifugo ina zake, elimu, barabara na msaada wa chakula kila moja zake, na hakuna inayosikia nyingine. Mganga wa zahanati angeweza kuishiwa dawa mahali ambapo mita mia mbili kutoka kwake yuko mlinzi wa kisima mwenye redio nzima, na wote wawili wasijue la kufanya.

Ikaundwa kamati, na kamati ikamleta mratibu kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mwenye viatu vizuri ambavyo Garissa ilivila katika wiki moja. Watu wote walimwita Mratibu, naye akaitika. Wazo lake lilikuwa jema, simnyimi haki yake. Ofisi zote sita zihamie kwenye masafa mamoja. Vituo vyote vihesabiwe, visikike mahali pamoja. Na mtu mmoja tu awe anaita. Mtu huyo, kwa sababu waya wake ulikuwa mrefu kuliko wa wengine wote, akawa Saado.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa walikuwa sita, kila mmoja na kofia yake. Kila ofisi ilikuwa na "Kituo cha Nne" chake. Saado aliita Kituo cha Nne, wakaitika watu watatu: mganga, mwalimu mkuu na mlinzi wa ghala la unga, na kila mmoja alisisitiza kwamba ndiye. Zahanati moja iliomba sindano. Ombi likaangukia mezani kwa watu wa mifugo, nao, kwa moyo safi kabisa, wakapeleka boksi mbili za sindano za ngamia. Mwalimu mmoja aliletewa mabomba ya dawa ya kupe. Bosi wa barabara alikuja chumbani akamwambia Saado aandike kwa wino mwekundu. Bosi wa elimu akamwambia wino mwekundu ni wa walimu. Saado alirudi nyumbani Galbet akapika chai bila majani, akainywa, na mumewe ndiye aliyemwambia.

"Uko wapi wewe?" mumewe alimwuliza.

"Sijui," alisema Saado. "Nadhani niko kwenye ofisi ya barabara."

Mratibu naye aliliona tatizo, akalikata kwa kisu kimoja. Majina yote yakafutwa. Vituo vikapewa namba, moja hadi thelathini na moja, kutoka Elwak kule kaskazini mpaka vijiji vya Ijara. Sangailu ikawa ishirini na tatu, na huko redio iliyokuwa hai ni ya Awil peke yake. Halafu zikatundikwa kanuni ukutani, zimepigwa taipu vizuri. Kiswahili tu hewani, ili ofisi zote zielewe. Kila kituo dakika moja. Mwendeshaji aulize: Hali? Kituo kikijibu salama, iandikwe salama kwenye safu yake na kituo kinachofuata kiitwe. Kisichosema salama ndicho kiulizwe maelezo. Na mazungumzo ya kifamilia ni marufuku kabisa.

Saado alizisoma kanuni mara tatu. Kuna kitu ndani yake kilimsumbua, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, lakini hakuweza kukitaja. Zilikuwa kanuni zenye akili. Vituo thelathini na kimoja kwa salamu za kizamani vingemaliza siku, na betri za watu zilikuwa zinakufa kwa kuwa jua halikuonekana kuchaji chochote. Alijiambia labda amezeeka. Kuuliza si ujinga, lakini hakujua hasa aulize nini.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya mambo yalikwenda kwa kasi ya ajabu.

"Ishirini na tatu. Hali? Ova."

"Salama," ilijibu sauti ya Awil. "Ova."

Akaandika salama. Akaita ishirini na nne. Alipokuwa akiita alihisi kwamba ameruka kitu, akageuza kichwa kuangalia kama ameacha mlango wazi. Mlango ulikuwa umefungwa.

Siku ya pili, salama. Siku ya tatu Awil alisema salama, kisha kikasikika kipande cha neno, "la...", na kabla Saado hajakishika kituo cha ishirini na nne kilikuwa kimeshaanza kusema bila kuitwa, maana na wenyewe walikuwa na haraka ya betri. Saado aliinua macho. Mratibu alikuwa amesimama na saa mkononi, akatikisa kichwa kwa furaha: vituo thelathini na kimoja katika dakika ishirini na sita! Alimpongeza mbele ya mabosi wote sita. Bosi wa elimu alipiga makofi.

Saado hakujua afurahi au alie. Siku ya tano, nyumbani, alihesabu siku ambazo hakusikia neno la mama yake, akapata tano. Alimkasirikia Awil kwa ukimya wake, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia mtu aliyekuwa akifuata kanuni. Mara alijituliza: si amesema salama? Angekuwa mama anaumwa, angesema salama? Alijijibu hapana. Dakika moja baadaye alijijibu ndiyo, bila shaka angesema, kila mtu husema. Akabaki katikati, kichwa kimejaa maji kama barabara ya Ijara.

Siku ya sita alijaribu kuivunja kanuni kidogo tu. "Ishirini na tatu, hali? Watu wazima wote? Ova."

 Upepo ukavuma kwenye spika. Kisha Awil: "Salama, abayo. Ova." Alimwita dada, hewani, mbele ya ofisi sita, naye hakuwa na desturi hiyo kazini. Mratibu akakohoa nyuma yake. Saado akaita ishirini na nne. Salama ile aliiandika, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba.

Siku ya tisa ikaja karatasi. Ilikuwa imepatikana helikopta ya kuazima, kwa siku moja tu, na nyingine haikutarajiwa kabla ya wiki mbili au zaidi. Ingebeba dawa, unga na mganga mmoja, na ingetua mahali patatu. Kamati ilichagua mahali hapo kutoka kwenye daftari la Saado: vituo vilivyolalamika zaidi. Mratibu aliibandika orodha ukutani alasiri, karibu na kanuni zake. Saado aliisoma. Jina la Sangailu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu wa kalamu, na pembeni: salama siku tisa.

 Vituo viwili vya jirani na Sangailu vilikuwa vimelia homa na mbuzi kutupa mimba. Mvua ilikuwa ile ile, mbu wale wale, malisho yale yale. Kwa nini ugonjwa uzunguke Sangailu kama mgeni anayeogopa mbwa?

"Mama Saado, kuna kosa?" aliuliza Mratibu.

"Sijui, Bwana Mratibu."

"Si ni wewe mwenyewe uliyeandika?"

"Ni mimi," alisema Saado. "Ndiyo maana sijui."

Alichukua shuka lake akaenda moja kwa moja kwa Mzee Nunow, akikanyaga matope ya Galbet mpaka kwenye vifundo. Mzee alikuwa amestaafu miaka sita, haoni vizuri, lakini masikio yalikuwa bado kazini. Alimkaribisha, akamwuliza habari ya mumewe, ya watoto, ya mabati yanayovuja, na Saado alijibu salama, salama, alhamdulillahi, salama. Mzee akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka Saado akasikia machozi yanamjia bila ruhusa.

"Adeer," alisema, yaani ami, "Sangailu imesema salama siku tisa, nami sina amani hata siku moja."

"Na baada ya salama walisema nini?"

"Hawakusema kitu."

"Hawakusema," aliuliza mzee, "au hukungoja?"

 Saado akayaona yote kwa mara moja, lango, mbuzi, na mkono wake mwenyewe ukilivuta lango kila asubuhi, siku tisa, huku watu wakimpigia makofi. Alisikia joto la aibu likimpanda usoni. Hakuwa mgeni kutoka Nairobi yeye. Alikuwa binti wa Qali.

"Nenda kamwulize sasa," alisema mzee.

"Betri yake ni ya asubuhi tu. Hawashi wakati mwingine."

"Basi asubuhi. Na usiulize. Wewe fungua tu, ungoje."

Asubuhi helikopta ilikuwa uwanjani inapakiwa, iondoke saa nne. Saa moja kamili Saado alikaa kwenye kiti chake. Mratibu alikuwa nyuma na saa yake. Ofisi sita zilikuwa zimewasha redio, na vituo thelathini na kimoja vilikuwa vimetega sikio kungoja zamu. Saado hakuanza na moja.

"Sangailu," aliita. "Sangailu, Sangailu." Akaita kwa jina.

"Mama Saado, anza na moja," alisema Mratibu kwa upole.

"Sangailu nimesikia," ilijibu sauti ya Awil, imeshangaa. "Salama. Ova."

Na Saado, badala ya kushika kalamu, akasema kwa Kisomali neno moja ambalo kila mfugaji humwambia mgeni aliyekwisha kuketi na kupewa chai. "Warran." Yaani toa habari. Kisha akaachia kitufe, akaweka mikono mapajani.

Upepo ukavuma. Kituo fulani kilidhani ni zamu yake, kikaanza kulilia dizeli. Mratibu alisogea mbele, akanyoosha mkono kuelekea kipaza sauti, na Saado, ambaye katika miaka kumi na minne hakuwahi kumwinulia mkuu mkono, alimwinulia kiganja. Hapo ikasikika sauti nzito kutoka kule juu kaskazini. Ilikuwa ya Dagane, mlinzi wa ghala la Elwak, mtu ambaye Saado hakuwahi kumwona kwa macho.

"Wewe mtu wa disel, nyamaza! Watu yote nyamaza. Hii mama nangoja habari ya kwao. Disel yako taifata badaye."

Dizeli ikanyamaza. Ofisi sita zikanyamaza. Awil akaanza.

Alianza pale pale panapoanzwa. Mvua wameipata, sifa ni za Mwenyezi Mungu. Majani yamefika magotini. Ngamia walihamishiwa mchangani mapema, wazima. Ng'ombe, baadhi. Saado alisema "ee," na baada ya kila jambo alisema "ee," kama mama yake alivyozoea kufanya, kumjulisha msemaji kwamba lango bado liko wazi. Mbuzi, alisema Awil, mbuzi wametupa mimba wote katika wiki moja, zizi zima, hakubaki hata mmoja mwenye mimba. Ee. Na watu, akasema, na sauti ikapungua. Watu wana homa, wengine wanatoka damu puani. Waliolala ni kumi na watatu. Waliozikwa ni sita.

"Anasema nini?" Mratibu alinong'ona. Alikuwa ametoa macho. Hakuelewa neno hata moja la Kisomali, lakini sauti aliielewa. "Mama Saado, anasema nini?"

Aliyemjibu hakuwa Saado. Ilikuwa ni redio yenyewe, sauti ya Daktari Abdihafid akiwa hospitalini upande wa pili wa mji, amesikia kila kitu kama walivyosikia wote. "Bwana Mratibu, ni Abdihafid. Shusha unga kwenye ndege, nakuomba. Pakia dawa, maji ya dripu na vyandarua. Tunaanza na Sangailu, na mimi mwenyewe naenda. Nakuja uwanjani sasa hivi. Ova."

Mratibu alitazama kanuni zake ukutani, akatazama orodha, akatazama mstari wake mnyoofu wa kalamu. Kisha akatoka nje mbio, viatu vyake vilivyoharibika vikipiga kelele kwenye veranda. Nitamsifu kwa hilo maisha yangu yote: hakuuliza ruhusa ya mtu.

Saado alikuwa hajasogea. Mbuzi walio wengi walikuwa wameshaingia zizini. Alijua mmoja amebaki nje, na alijua ni nani, na angetoa chochote alichonacho ili asifike.  Angeweza kuita kituo kingine sasa. Helikopta ilikuwa inakwenda, kazi ya serikali ilikuwa imekwisha. Alibonyeza.

"Ee, Awil," alisema. "Warran."

Upepo ulivuma mpaka alidhani betri imekufa.

"Abayo," alisema Awil. "Uko peke yako?"

Huku kwetu mtu haambiwi msiba wa mama yake hadharani. Huketishwa, hushikwa mkono, huambiwa na aliye karibu, mlango ukiwa umefungwa. Siku zote hizo Awil alikuwa amebeba neno hilo akikosa pa kuliweka, maana kila alipofungua mdomo mkoa mzima ulikuwa umekaa ndani ya chumba hicho. Saado alielewa sasa kwa nini siku ile alimwita dada. Alitazama redio. Kulikuwa na ofisi sita humo na vituo thelathini, walimu, waganga, walinzi wa ghala, watu wa barabara, kutoka Elwak mpaka mpakani mwa msitu wa Ijara, na hakuna aliyevuta pumzi hewani.

"Niko peke yangu," alisema Saado.

Basi Awil akamwambia. Mama alianza kuumwa Jumapili, Jumatatu alasiri akaondoka. Waliomwosha ni mkewe Awil na wanawake wawili. Alizikwa juu, pakavu, penye migunga. Mbuzi waliobaki walikataa kula siku hiyo, alisema Awil, na hapo sauti ikamkatikia.

"Inna lillahi," alisema Saado. Hakulia hewani. Alimwuliza mdogo wake kama yeye mwenyewe ana homa, akasema hapana. Akamwuliza watoto, akasema wawili wanayo. Akamwambia awalaze pamoja karibu na uwanja, daktari yuko njiani, akisikia mlio wa helikopta awashe moto wa moshi. Alisema ndiyo. Betri ilikuwa inazama, maneno yake yakawa membamba.

"Abayo, nisamehe. Nilisema salama."

"Ulisema unavyopaswa kusema," alijibu Saado. "Mimi ndiye niliyeandika. Ova."

 Kisha, kimoja kimoja, kikaanza kusikika kitu ambacho hakikuwa kwenye kanuni yoyote. Vituo vilikuwa vinabonyeza vitufe vyao bila kusema neno, klik, klik, kutoka kaskazini kwenda kusini, kila mtu akitumia kipande cha betri yake kumwambia kwamba yupo. Saado alifunika uso kwa ncha ya shuka akangoja mpaka milio ikaisha.

Halafu akavuta daftari. Alirudisha kurasa mpaka Jumatatu, siku ya kwanza ya kanuni, akashuka na kidole hadi mstari wa ishirini na tatu. Salama. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zimesimama wima, wino haukumwagika. Siku ile aliyozikwa mama yake alikuwa ameandika vizuri kuliko siku zote. Alishika kalamu akitaka kuifuta, kisha akaiacha ilivyo.

Nje, upande wa uwanja, helikopta ilianza kunguruma kabla ya saa nne. Watu walimsihi aende nyumbani, wanawake wa Galbet walikuwa wameshaanza kukusanyika mlangoni kwake. Alisema atakwenda. Lakini kulikuwa na vituo thelathini ambavyo bado havijaitwa, na alivisikia vinangoja.

"Moja," aliita. "Hali? Ova."

"Salama," ilijibu Elwak, sauti nzito ya Dagane, safari hii polepole. "Ova."

Saado aliweka kalamu chini, akangoja.